Sura ya Sita: Sangara Hana Balozi

Mkuyuni ina mabalozi, ila ni wa nyumba kumi. Wale wa mataifa, wenye magari ya bendera na hati za utambulisho, wako Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa. Kata hii iko kusini mwa jiji la Mwanza, ukishapita Igogo na kabla hujafika Butimba, kwenye barabara iendayo Shinyanga. Nyumba zimeng'ang'ania juu ya mawe, ziwa liko upande wa pili, na daladala za Nyegezi na Buhongwa zinagombania abiria barabarani. Hata hivyo, anayetaka kuelewa jinsi diplomasia ilivyoponyoka mikononi mwa mawaziri wa mambo ya nje aanzie upande huu wa Mwanza, kwa mama anayekaanga mapanki.

Mapanki ni kichwa na mgongo wa sangara, kile kinachobaki kiwandani baada ya minofu kukatwa na kupelekwa Ulaya. Yanakaushwa, yanakaangwa, yanauzwa kwa bei ambayo mwenye kipato kidogo anaimudu. Kwa miaka mingi lilikuwa jambo la jikoni na sokoni. Mwaka 2006 likafika Ikulu.

Aliyelifikisha huko ni mtu mwenye kamera. Hubert Sauper, Mwaustria anayefanya kazi zake Ufaransa, alirekodi Mwanza na vijiji vya ziwa filamu aliyoiita Darwin's Nightmare, ikaonyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Venice mwaka 2004. Ndani yake kuna ndege kubwa aina ya Ilyushin zinazotua uwanja wa Mwanza zikiwa tupu na kuondoka zimejaa minofu. Kuna marubani kutoka Urusi na Ukraine, wanawake wanaouza miili yao kwa marubani hao, watoto wa mitaani, na mapanki yaliyotundikwa juani huku funza wakitambaa. Halafu kuna swali linalorudiwa mpaka linakuwa kama jibu: ndege hizi zinakuja na nini? Rubani mmoja anaeleza kwamba aliwahi kupeleka silaha Angola, na wakati wa kurudi akabeba zabibu kwenda Ulaya. Kuhusu Mwanza yenyewe filamu haina picha ya sanduku hata moja la risasi. Haikuhitaji. Mtazamaji wa Paris alitoka ukumbini akiwa ameshaliona sanduku hilo kichwani mwake.

Filamu ikapata tuzo ya Ulaya ya makala bora mwaka 2004, ikapata César ya Ufaransa, na mwanzoni mwa 2006 ikaingia kwenye orodha ya mwisho ya Oscar, ambako ilishindwa na filamu ya pengwini. Ufaransa zikaanza kusikika sauti za kuwataka watu wasile sangara. Hapakuwa na azimio la serikali yoyote, na Umoja wa Ulaya haukuwa umefunga soko. Hapakuwa na balozi aliyeitwa kujieleza wala waraka wa kujibu. Kulikuwa na watu waliosimama mbele ya friji za duka la samaki, wakasita, wakachukua samaki mwingine.

Sasa fikiria nafasi ya Tanzania. Rais mpya, Jakaya Kikwete, alikuwa ametoka kuwa Waziri wa Mambo ya Nje kwa miaka kumi, tangu 1995 hadi 2005. Kama kuna mtu nchini aliyejua namna ya kuongea na wakubwa wa dunia, ni yeye. Lakini mkubwa wa kuongea naye alikuwa nani? Serikali ya Ufaransa isingeweza kumwamuru raia wake anunue sangara. Sauper hakuwa na wizara juu yake. Ukimwita balozi wa Austria umwambie nini, kwamba raia wenu ana kamera?

Mwishoni mwa Julai 2006, katika hotuba yake kwa taifa, Rais aliilaani filamu hiyo hadharani, hasa madai ya silaha. Suala likafika bungeni. Mwanza yakafanyika maandamano ya kuipinga, mabango juu. Mwandishi wa habari Richard Mgamba, aliyeonekana kwenye filamu akizungumzia ndege zile, alijikuta akihojiwa na vyombo vya dola, uraia wake ukitiliwa shaka, mpaka Kamati ya Kulinda Waandishi wa Habari yenye makao New York ikapaza sauti. Kwa maneno mengine, serikali ilijibu filamu kama inavyojibu dola jirani lililovuka mpaka: kiongozi akanena, bunge likamuunga mkono, wananchi wakaandamana, na aliyeshukiwa kusaidia upande wa pili akabanwa.

Kwa maoni yangu hapo ndipo tulipopoteza. Hotuba ya rais ni silaha nzuri dhidi ya rais mwingine, kwa kuwa yule naye ana cheo cha kulinda na maslahi ya kupima. Kwa mtengeneza filamu, hotuba hiyo ni tangazo la bure. Wengi waliokuwa hawajaisikia filamu hiyo waliisikia kwa mara ya kwanza siku ilipolaaniwa. Na kila dakika mwandishi aliyokaa mbele ya maofisa kwa sababu ya maneno yake ilimfanya mtu wa mbali aseme kwamba basi lazima kuna kinachofichwa.

Pingamizi lililomuumiza Sauper zaidi halikutoka Dodoma wala Dar es Salaam. Lilitoka kwa mwanahistoria wa sinema wa Ufaransa, François Garçon, aliyeandika makala na baadaye kitabu, mwaka 2006, akidai kwamba hoja ya silaha haikuthibitishwa na kwamba mambo yamepangwa ili kumpotosha mtazamaji. Sauper alimshitaki kwa kumchafulia jina na akashinda, mwaka 2008 na tena kwenye rufaa mwaka 2009. Tazama ajabu yake: heshima ya mji wa Mwanza inabishaniwa na Mfaransa na Mwaustria mbele ya hakimu wa Paris, na hakuna hata Mtanzania mmoja mwenye kesi pale. Muuza mapanki wa Mwanza, ambaye picha yake ndiyo iliyoanzisha yote, hakuwa mlalamikaji, wala mshitakiwa, wala shahidi.

Sisemi kwamba Sauper alizua kila kitu. Umaskini aliouonyesha ulikuwepo, na anayepita mialo ya ziwa hili leo bado atauona. Lakini mapanki ambayo kwenye skrini yalikuwa alama ya udhalilishaji, kwa aliyekuwa anayauza yalikuwa biashara, na kwa aliyekuwa anayala yalikuwa kitoweo. Wenye kulijua jambo hilo walikuwa wengi. Wenye kipaza sauti cha kulisema Paris hawakuwepo.

Linganisha na yaliyotokea miaka michache kabla. Desemba 1997, wakati kipindupindu kikienea Afrika Mashariki, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hatari ya kipindupindu kusafiri kupitia chakula kinachouzwa nje ni ndogo mno. Haikusaidia haraka, kwa sababu mnunuzi wa Ulaya hasomi taarifa za Shirika la Afya Duniani. Anasoma gazeti, na gazeti limeandika kipindupindu na samaki katika sentensi moja. Zuio lile lilipoondolewa mwaka 1998, halikuchukua muda likaja lingine: Aprili 1999 mlango ukafungwa tena, safari hii kwa habari za wavuvi kutumia sumu ziwani.

Mara hii kazi ilifanywa tofauti. Hakuna aliyeandamana. Wenye viwanda walikaa pamoja na Idara ya Uvuvi, wakaingia gharama za sakafu, vigae, barafu na mafunzo. Mialo ikawekewa utaratibu wa usafi. Wakaguzi kutoka Ulaya wakaja, wakakagua, wakarudi na madaftari yao. Tanzania ikarejea sokoni kabla ya Kenya. Miaka iliyofuata upimaji wa samaki uliimarishwa hapa hapa Mwanza, kwenye maabara ya Nyegezi, mwendo mfupi wa daladala kutoka Mkuyuni. Mtaalamu wa maabara mwenye koti jeupe, anayepima mabaki ya sumu kwenye kipande cha mnofu na kutia saini cheti, aliongea na Brussels kwa lugha ambayo Brussels ilikuwa inaiamini. Hakuwahi kuitwa mwanadiplomasia, na huenda angecheka akiitwa hivyo, lakini alifungua mlango ambao hotuba isingeufungua.

Dola lilikuwepo katika kazi ile, tena lilihitajika: Ulaya inataka mamlaka ya serikali iwajibike kwa cheti. Tofauti ni kwamba serikali ilijua nani atangulie mbele na nani abaki nyuma. Mwaka 2006 ilisahau.

Ili kuona umbali tuliotoka, rudi kwenye maji yenyewe. Mei 1929 hatima ya Ziwa Victoria iliandikwa kwa barua mbili tu, kati ya mwakilishi wa Uingereza mjini Cairo, Lord Lloyd, na Waziri Mkuu wa Misri, Mohamed Mahmoud Pasha. Walikubaliana kwamba katika nchi zilizokuwa chini ya Waingereza hakuna kazi ya umwagiliaji wala ya umeme itakayofanywa kwenye Nile au kwenye maziwa yanayoulisha, kwa namna ya kupunguza maji ya Misri, bila Cairo kuridhia. Hakuna Msukuma, Mkerewe wala Mzinza aliyeulizwa. Julai 1962 Tanganyika huru ikawaandikia Waingereza, Wamisri na Wasudani kwamba haifungwi na mapatano hayo. Msimamo ule unaitwa kwa jina la Nyerere dunia nzima, ingawa mwezi ule waziri mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, maana Mwalimu alikuwa amejiuzulu Januari. Hata hivyo mtindo ulikuwa ule ule wa zamani: serikali inaiandikia serikali.

Miaka arobaini baadaye maji yale yale yalibishaniwa kwa namna nyingine. Mwaka 2004 Tanzania ilipoanza mradi wa kuvuta maji kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, kupeleka Kahama na Shinyanga, kelele zilianzia kwenye magazeti ya Misri, ambako kuguswa kwa Nile huwagusa watu wote, mkulima na profesa. Upande wa pili Edward Lowassa, Waziri wa Maji, alikuwa na wananchi wa Shinyanga waliochoka kuchota maji ya madimbwi, na uchaguzi ulikuwa mwaka unaofuata. Serikali mbili zilikuwa mezani, na nyuma ya kila moja kulikuwa na umma wake uliokuwa unazisukuma. Mradi ulizinduliwa mwaka 2009. Mwaka uliofuata, Mei 2010, Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia zilisaini Entebbe mkataba mpya wa bonde la Nile, Kenya ikafuata siku chache baadaye, na mkataba ukaanza kutumika Oktoba 2024. Misri haijausaini.

Mwanza ina kumbukumbu nyingine ya diplomasia kuponyoka mikononi mwa mawaziri, ya aina tofauti kabisa. Aprili 1996 vyama vikuu vya Burundi, UPRONA na FRODEBU, vilikutana mjini hapa kwa mazungumzo ya amani. Aliyewaita hakuwa rais wala waziri. Julius Nyerere alikuwa ameacha urais mwaka 1985 na uenyekiti wa chama mwaka 1990. Nyuma yake kulikuwa na mikutano ya Cairo na Tunis iliyoandaliwa na kituo cha Jimmy Carter, naye rais mstaafu. Yaani wastaafu wawili walikuwa wanafanya kazi ambayo marais walioko madarakani hawakuiweza. Duru ya pili ilifanyika hapa hapa mwezi Juni. Kati ya duru hizo mbili, tarehe 21 Mei, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Mji ulikuwa bado na matanga wajumbe waliporudi.

Nyerere alikuwa na kitu kimoja tu cha kuweka mezani, nacho ni jina lake. Kitu hicho kilitosha kuwaleta watu, na baadaye kikaonyesha mpaka wake. Meja Pierre Buyoya alipopindua serikali Julai 25 mwaka ule, nchi za eneo hili zilitangaza vikwazo ndani ya wiki moja, na upande wa Buyoya ukaanza kumwona Mwalimu kuwa anaegemea wapinzani wao. Serikali ikishukiwa kuegemea upande bado ina jeshi, benki na mipaka ya kuitegemea. Mstaafu akishukiwa, hana pa kushika. Nafasi hiyo ikawapa nguvu wengine. Jumuiya ya Sant'Egidio, Wakatoliki walei wa Roma ambao tayari walikuwa wamesaidia amani ya Msumbiji mwaka 1992, walikuwa wakiwakutanisha kwa siri serikali ya Buyoya na waasi wa CNDD. Habari zilipovuja mwaka 1997, Burundi nzima ilitikisika. Mkataba ulisainiwa Arusha Agosti 2000, Nyerere akiwa ameshafariki na Nelson Mandela, naye mstaafu, akiwa amekaa kwenye kiti chake.

Uhusiano mwingine wa Mwanza na dunia umekuwa wa kimya zaidi, na umedumu kuliko mikataba mingi. Mwaka 1966 Mwanza na Würzburg, mji wa Ujerumani, ilijifunga undugu. Würzburg kuna taasisi ya tiba ya kimisheni, na Mwanza kuna Bugando, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima. Madaktari wamekuwa wakienda na kurudi kati ya miji hiyo kwa miongo mingi, wakati mawaziri wa pande zote mbili wakija na kusahaulika. Tampere ya Finland nayo imeshirikiana na jiji hili tangu 1988. Mambo yenyewe ni ya wadi, maji na takataka, na magazeti hayana habari nayo.

Magazeti, na siku hizi simu, yana habari na hasira. Juni 2019 mbunge wa Starehe, Charles Njagua, ambaye wengi walimjua kama mwanamuziki Jaguar, alirekodiwa Nairobi akiwapa wafanyabiashara wa kigeni, Watanzania wakiwamo, saa 24 waondoke. Video ile ilifika Mwanza kabla ya balozi yeyote kuandika mstari. Kwenye makundi ya WhatsApp watu walikuwa wameshaanza kuhesabu maduka ya Wakenya Tanzania. Bunge la Tanzania likaichukua hoja hiyo, serikali ya Kenya ikajitenga na maneno yale, na mbunge akakamatwa. Mei 2025, baada ya wanaharakati wa Kenya na Uganda kushikiliwa Dar es Salaam na wananchi wa nchi hizi jirani kurushiana maneno mitandaoni kwa siku nyingi, Rais William Ruto aliwaomba radhi Watanzania hadharani. Umma umepata nguvu ya kuwasukuma marais. Kuhusu kama unaitumia vizuri, mimi nina wasiwasi: nimesoma mengi kwenye makundi yale ambayo yangetosha kuanzisha vita, na mwandishi wake hakuwa amevuka Namanga hata siku moja.

Ndiyo maana naona mfano ulio bora kuliko yote niliyotaja umetoka kwa wale wale walioachwa nje ya mahakama ya Paris. Mwanza kuna asasi iitwayo EMEDO, inayofanya kazi na jamii za wavuvi wa ziwa. Mkurugenzi wake, Editrudith Lukanga, amekuwa rais mwenza wa jukwaa la kimataifa la wavuvi na wafanyakazi wa samaki, na ni miongoni mwa waliojenga mtandao wa Afrika wa wanawake wachakataji na wauzaji wa samaki. Mwaka 2014 Kamati ya Uvuvi ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mjini Roma ilipitisha miongozo ya hiari ya kulinda uvuvi mdogo. Miongozo hiyo haikuandikwa na wanasheria wa wizara peke yao: katika maandalizi yake walishirikishwa watu zaidi ya 4,000 kutoka nchi zaidi ya 120, wavuvi na wachuuzi wakiwamo. Kuna sehemu nzima kuhusu kazi zinazofanyika baada ya samaki kutoka majini, yaani kukausha, kukaanga, kubeba na kuuza, kazi ambazo kwenye ziwa hili wanawake wanazijua kuliko yeyote.

Katika ukumbi wa FAO kuna utaratibu ambao haujabadilika. Nchi wanachama huzungumza kwanza, kila moja nyuma ya kibao chenye jina lake. Waangalizi, ambao ndio asasi za wavuvi, hupewa nafasi baada ya wajumbe wote wa serikali kumaliza, muda ukiwapo, na hawapigi kura. Mwanamke aliyetoka mwaloni husubiri mpaka mwisho, na mara nyingi ndiye mtu pekee humo ndani aliyewahi kumpara sangara.